Nimekutaja, Sikukwita

Saa nane za usiku, Guraya. Feni yazunguka kwa kusitasita.
Kompyuta i juu ya meza ya kulia,
kando yake mahamri mawili na mbaazi zilizoganda,
na kwenye skrini kitufe kimoja cha kijani: AGIZA MAJI.
Nimekipaka rangi, nimekiviringa pembe,
nimekipa kivuli. Adabu ndiyo sijakipa.

Jana alasiri Bi Thureya wa Kibokoni
alifungua ukurasa, hakugusa kitu.
Mara mikokoteni mitatu ya Nyevu ikapanga foleni mlangoni,
mitungi sitini, vijana wanatiririka jasho,
na majirani madirishani: kuna harusi? Kuna matanga?
"Mimi natizama bei tu," alisema, simu bado mkononi.
Nyevu akanipigia. Hakutukana.
"Mwanangu, hiki chako chaitika kabla hakijaitwa,"
akanyamaza, nikasikia magurudumu yakirudi.

Basi nimepanda neno "hapa" kila mstari,
kama fundi anayetafuta bomba lililopasuka
kwa kugonga ukuta na kutega sikio.
Hapa. Hapa. Hapa. Skrini yajibu
kabla kidole changu hakijaondoka kwenye hamri.

Ndipo nikaikumbuka sauti ya mama.
Nilikuwa darasa la tano. Yeye yu kwenye simu na dada yake wa Malindi,
akalitia jina langu katikati ya umbea,
nami nikatoka mbio, labeka, povu la sabuni hadi viwikoni.
Akaushusha mkonga: "Nimekutaja. Sikukwita.
Rudi kwenye vyombo."

Nikayatazama mabano mawili mwishoni mwa jina:
viganja viwili vilivyozunguka mdomo wa mtu anayeita.
Ni mimi niliyekuwa nikiita, kila ukurasa ukichorwa,
nikidhani ninataja.
Nikayafuta. Jina likabaki limelala karibu na kitufe,
likingoja kuguswa.

Nikabonyeza. Likaamka, likaja mbio,
likafika bila ukoo.
"Mitungi mingapi?" "Ya nani?"
"Wewe wa nani?" "Sijui. Nilipotolewa nyumbani
sikupewa pa kurudi."
Mji huu huwezi kuuza hata bajia
bila kuulizwa u mwana wa nani, wa mlango gani,
nami nimetuma kazi ya watu kwa mjumbe
asiyejua akisema "mimi" anamaanisha nani.
Nikamfunga kwa mwenyewe,
fundo moja, kama noti ya mia kwenye pindo la leso:
izunguke Marikiti yote, bado ni ya mwenye leso.

Ikaenda. Mitungi miwili, Guraya, jina langu.
Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kisha nikajaribu FUTA. Kikafuta,
halafu tukio likapanda ngazi: kwa mzazi wake,
kwa mzazi wa mzazi, na huko juu yupo asikilizaye,
asiyejua mguso ulitoka wapi,
naye akaagiza upya.
Ndivyo ilivyo nyumba hii yetu ya ghorofa:
mnong'oneze siri mtoto wa chini,
shangazi wa juu ameshainjika chungu.
Dawa yake naijua. Mstari mmoja usemao lisipande.
Lakini macho yameingia mchanga,
na Nyevu haamki hadi saa kumi na moja.

Hii itangoja.

Chumbani mama analitamka jina langu usingizini,
mara moja, bila swali.
Nimesita, kiti nusu nyuma,
nasikiliza kama viganja vipo.